TAA GANI KWA AKWARIUMU YA MIMEA?



Mnajua ya kwamba Jumamosi ijayo kundi la biolojia litachagua taa kwa ile akwariumu iliyo katika chumba cha biolojia. Feza tulizokusanya zinatosha kwa taa moja tu. Tukichagua vibaya, hakuna ya pili mpaka mwaka ujao wa masomo, na samaki ndio watapata taabu. Tangu juma lililopita maneno ni mingi. Wengine wanasema: "Taa ikiwa kubwa, mimea itaota mbio." Wengine: "Tuweke kwa dirisha, jua ni bure." Kwa hiyo nimeona vizuri kueleza jambo hili kwa utaratibu, kusudi kila mtu achague akiwa na akili ya jambo.

Kwanza, mwangaza unafanya kazi gani? Mwaka 1779 mganga mmoja wa Uholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha ya kwamba majani yaliyo ndani ya maji yanatoa povu za hewa yakipata mwangaza, na gizani yanaacha. Hewa ile ni oksijeni. Mmea unashika mwangaza, maji na gazi kaboniki, unajitengenezea chakula, na oksijeni inabaki kwa samaki. Lakini usiku mmea nao unavuta oksijeni, sawasawa na samaki.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwangaza peke yake haulishi mmea. Mama akiwasha moto mkubwa, na unga ni kidogo, bugali haitaongezeka, itaungua tu. Ndivyo ilivyo ndani ya akwariumu. Gazi kaboniki iliyo katika maji yetu ni kidogo, na hatuna chombo cha kuiongeza. Mimea ikipata mwangaza kupita kiasi, inashindwa kuutumia wote. Ule unaobaki unaliwa na algi, yaani ule utando wa kijani unaofunika vioo na majani. Hapo kila juma ni kusugua. Na mtu atakayesugua wakati wa likizo ni nani?

Kwa hiyo usianze na taa. Anza na mimea. Anubiasi inaota kwenye vijito vya msitu wa Afrika ya Kati, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Imezoea mwangaza kidogo, inaota pole pole, na haina mambo mingi: unaifunga juu ya jiwe ao mti, bila kufukia shina lake kwa mchanga. Mimea ya namna hii inatufaa sisi ambao tuna masomo na mitihani.

Ukisha kuchagua mimea ya kivuli, hesabu ya taa ni nyepesi. Nguvu ya mwangaza inapimwa kwa lumeni, na hesabu hiyo imeandikwa kwenye sanduku ya ampuli. Kwa mimea ya kivuli, watu wengi wanaofuga samaki wanahesabu lumeni 10 mpaka 20 kwa kila lita. Akwariumu ya lita 60 inaomba basi lumeni 600 mpaka 1 200. Ampuli ya LED ya wati 9 inatoa karibu lumeni 800. Inatosha.

Angalia vilevile rangi ya mwangaza, ambayo inaandikwa kwa kelvini. Kati ya 5 000 na 6 500 inafanana na mwangaza wa mchana. Ile ya 2 700 ni ya manjano. Mimea haifi, lakini samaki hawaonekani vizuri.

Na umeme? Ampuli ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 8 kwa siku, inakula wati-saa 72. Ampuli ya zamani ya wati 60 inatoa mwangaza ule ule, lakini inakula 480, na sehemu kubwa inakwenda bure kwa joto. Kwetu, ambapo umeme unakuja na kuondoka, tofauti hii ni kubwa. Wati-saa 72 hata batri ya jua inaweza kuzitoa.

Kuhusu dirisha: jua la saa sita, likipiga wazi, linaweza kufika luksi 100 000. Ampuli yetu, juu ya akwariumu yenye santimetri 60 kwa 30, haiwezi kupita 4 500 hivi. Basi jua ni bure, ndiyo, lakini hatuwezi kulipunguza, na linapasha maji moto. Dirisha hapana.

Tukiisha kununua, tufuate mambo haya:

1. Taa iwake saa 6 kwa siku mwanzoni, halafu saa 8, kila siku saa zile zile. Saa ya kuwasha na kuzima, ile ya kuchomeka ukutani, inasaidia sana.

2. Umeme ukikatika leo, kesho tusiwashe saa 16 kwa kulipa deni. Mimea inavumilia siku moja ao mbili za giza.

3. Algi ikizidi, tupunguze saa moja. Majani mapya yakiwa membamba na kupauka, tuongeze saa moja. Halafu tungojee majuma mawili mbele ya kubadili tena.

4. Taa ikae juu ya kifuniko cha kioo, na waya ushuke chini kuliko soketi mbele ya kupanda tena, ili tone la maji lisiingie ndani. Mtu asitie mkono majini mbele ya kuondoa umeme. Hii si mchezo.

Kwa kifupi: taa ndogo inayowaka kila siku kwa kipimo ni bora kuliko taa kubwa inayotutia kiburi juma moja, halafu inatuachia maji ya kijani. Mwenye wazo lingine alilete Jumamosi, lakini alilete pamoja na hesabu yake.

Mkubwa wa wanafunzi,
Mwaka wa sita