Kila Doa na Kwao

Tuseme sinki mbili za inoksi, pacha, zimenunuliwa siku moja katika duka la Birere, Goma. Moja inafungwa kwenye jiko la jirani na ziwa. Nyingine inapanda barabara ya Rutshuru na lori linalorudi kufuata kabichi Kibumba. Baada ya wiki kadhaa, ile ya Goma ina utando mweupe kuzunguka tundu la kutolea maji. Ya Kibumba haina weupe huo, bali imetapakaa nukta za rangi ya kahawia. Mabati ni yale yale. Kilichotofautiana ni maji.

Maji mengi ya bomba mjini Goma huvutwa kutoka Ziwa Kivu. Ziwa hilo limezungukwa na miamba ya volkano na kulishwa na chemchemi zenye madini, kwa hiyo maji yake yana magadi: kipimo chake cha pH ni takriban 9, na ndani yake kuna bikaboneti nyingi za magnesiamu na sodiamu. Tone likikauka, maji huondoka na madini hubaki. Huo ndio utando mweupe, ndugu wa ukoko unaoganda ndani ya birika la chai.

Kibumba iko kwenye udongo wa lava, kati ya volkano za Nyiragongo na Mikeno. Mvua hainyimwi, lakini mwamba ule una matundu kama sifongo: huyanywa maji kabla hayajafanya mto. Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walipopiga kambi hapo, maji yalibidi yaletwe kwa malori. Ndiyo maana mwenye paa la bati hukinga mvua. Maji ya mvua ni laini, hayana madini ya kuacha weupe. Yana tabia nyingine: moshi wa Nyiragongo umebeba gesi za salfa na klorini, na mvua ikipita humo hushuka na asidi. Upepo kwa kawaida huusukuma moshi upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, lakini siku ukigeuka, mabati huliwa. Bati lililoanza kuliwa hutoa kutu, na kutu hiyo huteremka na maji hadi kwenye pipa, bidoni, kisha sinki.

Kwa hiyo mwenye sinki hudhani amedanganywa dukani: “Walisema haishiki kutu!” Hawakudanganya. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Alipochanganya chuma na karibu asilimia 13 ya kromiamu, alipata kisichoogopa maji wala siki. Kromiamu ikikutana na oksijeni hufanya ngozi nyembamba ya nanomita chache tu. Karatasi ya daftari ni nene kuliko ngozi hiyo mara makumi ya maelfu. Ukiikwaruza, hewa huifuma upya. Basi nukta za kahawia mara nyingi ni kutu ya kuazima, iliyokuja na maji, au vipande vya waya wa kusugulia masufuria vilivyonasa juu ya bati na kuota kutu hapo.

Ukishajua doa limetoka wapi, dawa yake haiko mbali. Utando mweupe wa Goma ni kaboneti, na kaboneti hushindwa na asidi. Paka maji ya ndimu au siki, subiri dakika chache. Vipovu utakavyoviona ni gesi ya kaboni dioksidi ikitoka. Kutu ya Kibumba nayo hulegea kwa ndimu, maana asidi yake hushika chembe za chuma na kuzivuta ndani ya maji. Baada ya hapo suuza vizuri.

Weusi wa chai na mafuta ya sombe ni habari nyingine. Hapo asidi haisaidii sana. Bikaboneti ya kupikia iliyoloweshwa kidogo hufanya kazi, kwa kitambaa laini, ukifuata mistari ya bati.

Na majivu? Mama wa Kibumba anayesugua sufuria iliyopigwa na moshi wa kuni kwa majivu na mchanga wa lava hakosei. Majivu yana kaboneti ya potasiamu, ambayo hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni na kula uso wa alumini kidogo, ndipo sufuria ing’ae. Lakini mchanga ule ni vioo vya volkano. Kwenye sinki hulima mifereji midogo, na uchafu wa kesho hujificha humo.

La kuogopa zaidi ni javeli. Mji wa Goma, uliozoea vita na kipindupindu, unaijua vizuri, na kuua vijidudu inaweza. Ila ikikaa juu ya inoksi usiku kucha, klorini yake hutoboa ile ngozi na kuacha vishimo kama vya sindano, ambavyo hewa haiwezi tena kuviziba. Tena usiichanganye kamwe na ndimu au siki: hutoka gesi ya klorini, inayochoma mapafu.

Mbinu ya mwisho inawafaa hasa watu wanaohesabu maji kwa bidoni. Doa la Goma na la Kibumba yote mawili huzaliwa saa ile ile: tone linapoachwa likauke lenyewe. Ukimaliza kuosha vyombo, pitisha kitambaa kikavu juu ya sinki. Hakuna kikombe hata kimoja cha maji kitakachotumika.