Dubu Anayesema

Mwaka 1985 huko Marekani alitokea dubu wa kuchezea, jina lake Teddy Ruxpin. Mgongoni alitiwa kanda, naye akasimulia hadithi huku mdomo na macho yakichezacheza. Siku hizi wako wanyama wa namna hiyo wanaofundisha hesabu na herufi.

Basi, wasiogeshwe majini. Wapanguswe tu kwa kitambaa chenye unyevu. Wasipotumika, toeni betri. Wa kwetu amekuwa bubu: tulimwachia betri masika yote, zikavuja, zikamla ndani.

Tena angalieni sana! Betri ndogo mfano wa kifungo, mtoto akiimeza, yaweza kumchoma koo kwa muda wa saa mbili tu. Kazeni skrubu ya kifuniko. Akiisha kuimeza, msingoje kesho, mkimbizeni hospitali.