Simu ya intaneti ikikatika, namba tatu zinaeleza kosa liko wapi

Mtu yuko Brussels, anapiga simu ya intaneti kwa ndugu yake Bukavu. Simu inakatika na kwenye kioo kunatokea 480. Mara nyingi ugomvi unaanzia hapo: ameona namba yangu, amekataa makusudi. Lakini 480 haisemi hivyo.

Simu nyingi za intaneti za maofisini, pamoja na sauti inayopita kwenye 4G kwa njia ya VoLTE, zinaongozwa na SIP. Ni lugha ambayo vyombo vya simu vinatumia kuitana, na kanuni zake kuu, RFC 3261, zilitolewa Juni 2002. Kila ombi la kuunganishwa linajibiwa kwa namba ya tarakimu tatu. Mtindo huo uliazimwa kutoka kurasa za intaneti, ndiyo maana 404 inajulikana pande zote mbili: huko ukurasa haupo, huku namba iliyopigwa haipo.

Tarakimu ya kwanza ndiyo ya kuangalia. Moja ni kwamba kazi inaendelea: 180 maana yake simu inalia kule, ingawa mlio anaousikia mpigaji kwa kawaida unatengenezwa na simu yake mwenyewe. Mbili ni kupokelewa. Ikifika 200, kwa kawaida hesabu ya pesa inaanza. Tatu inasema mtafute kwingine. Nne ni ombi lililokwama pale lilipofika, tano ni seva iliyoshindwa, na sita ni kwamba hakuna haja ya kujaribu mahali pengine.

Tofauti ya nne na sita ina uzito. 486 inasema chombo hiki kina maongezi. Mtu akiwa na chombo kingine, bado anaweza kupatikana. 600 inasema ana maongezi kote. 603 ndiyo iliyowekwa kwa anayekataa, lakini hata hapo pana mtego: zipo simu zinazotuma 486 mtu anapobonyeza kitufe chekundu.

Nayo 401 inawatisha bure mafundi wapya. Seva inaomba tu uthibitisho kwamba simu inajua namba ya siri, simu inautuma, na kazi inaendelea.

Turudi kwa simu ya Bukavu. Ikitoka intaneti kuingia kwenye mtandao wa simu za kawaida, inapita kwenye mlango unaotafsiri. Mtandao wa kawaida una orodha yake ya sababu, na kanuni za kutafsiri, RFC 3398 za Desemba 2002, zinaweka sababu kadhaa chini ya 480. Simu iliyolia bila kupokelewa inakuwa 480. Simu iliyozimwa, au iliyo mahali pasipo na rezo, nayo inakuwa 480. Njia zote zikijaa, jibu ni 503, na hapo ndugu hana kosa lolote, wala simu yake.

Kwa ofisi inayolipia huduma hii, kumwambia fundi «rezo ni mbaya» hakumsaidii. Aambiwe saa, namba iliyopigwa na jibu lililorudi. Mengine atayatafuta kwenye kumbukumbu za seva. Akikuta 487, kwa kawaida mpigaji mwenyewe ndiye aliyekata kabla ya kupokelewa.