Msumari Ndani ya Mfupa: Tiba Yake na Hukumu Zake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu, tunapokea masuali mengi kutoka kwa familia ambazo mtu wao kavunjika paja au muundi, kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka mnazini. Daktari anataka kumtia msumari, na wazee wanasita. Inafaa kuweka chuma mwilini? Atakogaje janaba? Na akifa, azikwe nacho? Wakati wanajadiliana, siku zinapita na mgonjwa anaumia.

Msumari huu ni nini?

Mifupa mirefu ya mikono na miguu ina uwazi katikati, ndimo unamokaa uboho. Daktari hupitisha fimbo ya chuma kisichoshika kutu, au ya titani, ndani ya uwazi huo mpaka ivuke palipovunjika. Kisha huifunga kwa skrubu juu na chini ili mfupa usizunguke wala usifupike. Njia hii ilienezwa na daktari wa Kijerumani, Gerhard Küntscher, aliyeanza kuitumia kwa watu mwaka 1939.

Tufahamu kuwa msumari hauungi mfupa. Kazi yake ni kuushika utulie. Mfupa wenyewe huungana kwa uwezo wa Allah, kwa kawaida baada ya miezi kadhaa.

Faida yake ni kubwa. Aliyevunjika paja akitibiwa kwa kuvutwa mguu kwa uzito, hulala kitandani wiki sita au zaidi. Hapo huogopewa vidonda vya mgongo, damu kuganda, na mguu kuunga ukiwa mfupi au umepinda. Aliyetiwa msumari mara nyingi husimama kwa magongo baada ya siku chache. Madhara pia yapo, na linaloogopewa zaidi ni mfupa kuingia usaha. Ndiyo maana mfupa uliotokeza nje ya ngozi ni jambo la dharura, lisilongoja kikao cha ukoo. Watoto wanaokua hutiwa fimbo nyembamba zinazonepa, ili sehemu za kukulia za mfupa zisidhurike.

Sheria inasemaje?

Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kujitibu, naye akaamrisha watu wajitibu. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua vitani, akaweka pua ya fedha, ikamnukia vibaya. Mtume (s.a.w.) akamuamrisha aweke ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Ikiwa dhahabu, ambayo ni haramu kwa wanaume, iliruhusiwa kwa haja, basi chuma ambacho asili yake ni halali kina haki zaidi.

Tena wanavyuoni wetu wa Kishafii walilizungumza jambo hili zamani. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho twahara, akasema huyo ana udhuru. Basi vipi kuhusu chuma, ambacho ni twahara?

Kuhusu udhu na josho: msumari ukishafunikwa na nyama na ngozi hauna hukumu yoyote, maji hayatakiwi kuufikia. Suala ni kidonda na bendeji. Bendeji ya paja haigusi viungo vya udhu, basi mgonjwa atatawadha kama kawaida. Katika josho la wajibu, au bendeji ikiwa kwenye kiungo cha udhu, ataosha sehemu nzima, atapaka maji juu ya bendeji, na atatayamamu. Kama kuna swala za kulipa, amuulize mwalimu wake, kwani yategemea bendeji ilifungwa wapi na vipi.

Katika swala, asiyeweza kusimama ataswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu. Akiweza kusimama kwa magongo bila ya madhara, asimame. Swala haiachwi kwa kuvunjika mguu.

Akifa, azikwe na msumari wake. Kuutoa ni kumkata maiti bila ya haja, na Mtume (s.a.w.) amelinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai.

Nasaha yetu

Hatuwadharau waunga mifupa wetu. Wana ujuzi waliorithi. Lakini magango yaliyokazwa sana huzuia damu, na kiungo kikafa. Vidole vikiwa baridi, vimekufa ganzi au vimegeuka rangi, mfungueni mgonjwa na mumkimbize hospitali. Kabla ya kutia saini, muulizeni daktari: kwa nini msumari na si plasta? Lini ataukanyagia mguu? Dalili gani turudi nazo? Kuuliza ni haki yenu. Kumtorosha mgonjwa wodini kwa hofu ya chuma ni kumdhulumu, naye ni amana mikononi mwenu.

Wallahu a'lam.