Nani Mwenye Mtaro? Mgawanyo wa Kazi za Umma katika Miji ya Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Mvua za mwezi Novemba zinapoanza, mkazi wa mji ambaye mtaro ulio mbele ya nyumba yake umejaa mchanga na takataka hujiuliza swali moja: malalamiko yake ayapeleke wapi? Kabla ya mwaka 2017 jibu lilikuwa jepesi. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa diwani, naye diwani akamwuliza Mhandisi wa Manispaa mbele ya Baraza la Madiwani. Leo kazi hizo zimegawanywa baina ya taasisi kadhaa, kila moja ikiwa na sheria, bajeti na mkuu wake. Makala haya yanafafanua mgawanyo huo kwa kurejelea ukanda wa Shinyanga na Geita. Hoja yake kuu ni kwamba uhai wa barabara ya mjini hutegemea mtaro kuliko lami, ilhali mtaro ndio uliobaki bila mwenyewe mmoja.

2.0 Udongo na Maji

Wasukuma wana majina ya udongo kulingana na mahali unapopatikana kwenye mteremko. Juu, karibu na mawe ya matale, kuna luseni, udongo wa kichanga upitishao maji kwa urahisi. Chini yake kuna itogolo, ambao una tabaka gumu lizuialo maji kuzama. Bondeni kabisa kuna mbuga, yaani udongo mfinyanzi mweusi. Mpangilio wa namna hii, ambao wakulima waliujua tangu zamani, ulimvutia pia mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, na ambaye katika miaka ya 1930 aliupa jina la kitaalamu la katena.

Kwa mhandisi, majina hayo ni maelekezo ya kazi. Udongo wa mbuga huvimba unapolowa na hupasuka unapokauka. Barabara iliyojengwa juu yake bila maandalizi huinuka masika na kudidimia kiangazi, hata lami ikachanika kuanzia pembeni. Kwa sababu hiyo, katika maeneo tambarare ya Shinyanga, mjenzi hulazimika kuondoa udongo huo na kuweka moramu, au kuuchanganya na chokaa, kisha kuinua tuta na kuweka makalavati ya kutosha. Hata hivyo, maandalizi hayo hayafui dafu iwapo maji yatatuama kandokando ya barabara kwa wiki kadhaa.

Geita ina tatizo la aina nyingine. Mji umekaa kwenye vilima, na maji hushuka kwa kasi. Mtaro wa udongo usiojengewa mawe huchimbika hadi ukawa korongo, na mchanga uliochukuliwa juu huenda kuziba makalavati ya mitaa ya chini. Aidha, ongezeko la watu limezidisha tatizo hilo. Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012 na 2,977,608 mwaka 2022. Kila paa jipya na kila ua uliosakafiwa huongeza maji yanayokimbilia barabarani badala ya kuzama ardhini.

3.0 Mikono Mingi katika Mtaro Mmoja

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatofautisha barabara za kitaifa, yaani barabara kuu na za mikoa, na barabara za wilaya. Za kwanza husimamiwa na Wakala wa Barabara (TANROADS). Za pili zilikuwa chini ya halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Lengo lilikuwa kuwakusanya wahandisi na fedha mahali pamoja, ili matengenezo yafuate tathmini ya kitaalamu.

Halmashauri ilibaki na majengo ya umma, vibali vya ujenzi, masoko na uzoaji wa taka ngumu. Maji safi na majitaka ni kazi ya mamlaka za maji, kama vile SHUWASA mjini Shinyanga na GEUWASA mjini Geita.

Tuutazame sasa mtaro mmoja kwa mwangaza huo. Aliyeujenga ni TARURA. Takataka zinazouziba zilipaswa kuzolewa na halmashauri. Bomba linaloukatiza ni la mamlaka ya maji. Ukifika barabara kuu, maji yake huingia kwenye kalavati la TANROADS. Ukuta uliojengwa juu yake huenda ulipata kibali, au haukupata, kutoka ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kila taasisi inaweza kuwa imetimiza wajibu wake kwa mujibu wa sheria, na bado maji yakaingia ndani ya nyumba.

4.0 Fedha za Matengenezo

Matengenezo ya barabara hugharimiwa zaidi na Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikuu ni tozo ya mafuta. Kwa miaka mingi asilimia 30 tu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye barabara za halmashauri, ingawa mtandao wake, unaozidi kilomita 140,000, ni mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa TANROADS. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA.

Ukanda wa dhahabu una vyanzo vingine. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mapato ghafi ya kampuni. Vilevile, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mmiliki wa leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Hata hivyo, mipango ya namna hii huvutiwa zaidi na vitu vinavyozinduliwa: madarasa, vituo vya afya, taa za barabarani. Kuzibua mtaro hakuna utepe wa kukata.

5.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kurudisha mfumo wa awali, kwani nao ulikuwa na upungufu wa wahandisi na fedha. Linalopendekezwa ni dogo: kila mtaa uwe na daftari la mitaro linaloonyesha mtaro unaanzia wapi, unamwaga wapi, nani anausafisha na mara ngapi. Daftari hilo lijadiliwe na taasisi zote mbele ya Baraza la Madiwani kila mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, na nakala ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa. Gharama yake ni karatasi na kikao kimoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miji hii ufa unajulikana ulipo, na kinachokosekana ni jina la wa kuuziba.