Neno "Kusasisha" na Programu za Magari

Gari la siku hizi huwa na kompyuta ndogo nyingi: moja yaongoza injini, nyingine breki, nyingine mifuko ya hewa. Ndani ya kila moja mna programu dhibiti, yaani maagizo yaliyoandikwa katika kumbukumbu isiyopotea umeme uzimwapo. Mtengenezaji akigundua kosa katika maagizo hayo hutoa mapya, na kuyaingiza ndiko kuitwako kusasisha.

Neno hili limeundwa vema kutokana na sasa, kwa kauli ya kutendesha: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Walakini halidokezi jambo lenye hatari. Maagizo mapya hayaongezwi juu ya yale ya zamani. Aghalabu ya zamani hufutwa kwanza, ndipo mapya yaandikwe. Katika muda wa baina hiyo, kompyuta hubakiwa na maagizo machache tu ya kuanzia. Umeme ukikatika hapo, gari laweza lisiwake tena, na pengine hapana dawa ila kuibadilisha kompyuta yenyewe.

Kwa hiyo yapasa kuangalia mambo matatu. La kwanza ni asili ya programu: itoke kwa mtengenezaji au wakala wake aliyeidhinishwa. Mwaka 2015, huko Marekani, watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba gari la Jeep Cherokee laweza kuingiliwa kutoka mbali kwa njia ya mtandao wa simu. Kampuni ya Fiat Chrysler ikatangaza marekebisho ya magari yapatayo milioni 1.4, na wenye magari wakapelekewa flashi za USB kwa posta. Wako waliolaumu njia hiyo, kwani mwovu naye aweza kutuma bahasha iliyofanana nayo. Ndiyo maana kompyuta nyingi za magari hukagua saini ya kidijiti kabla ya kuipokea programu.

La pili ni ulinganifu. Namba ya kompyuta na ya programu iliyomo zisomwe na kuandikwa kwanza, kwa maana magari mawili ya sura moja huweza kuwa na kompyuta za namna mbalimbali.

La tatu ni umeme. Betri ya volti 12 iungwe na chaja maalumu yenye kutoa umeme usiopanda wala kushuka. Taa na feni zizimwe. Waya usiguswe, wala ufunguo usigeuzwe ila mashine iagizapo.

Basi neno kusasisha tusilitupe. Lakini mwandishi wa maelezo ya mafundi asiishie kusema "sasisha". Na aseme wazi kwamba cha zamani chafutwa kabla cha kipya hakijaandikwa. Fundi aliyeambiwa hivyo hatahitaji kukumbushwa mara ya pili asichomoe waya.