Utangulizi: Kidonge Kimoja kwa Siku

Elimu ninayokukaribisha ndani yake ilianzia kwa ng'ombe, na kwa hiyo ina haki ya kusomwa hapa Uthiru na sisi tunaoishi kati ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na bewa la Kabete ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha utabibu wa mifugo. George Beatson, daktari wa upasuaji mjini Glasgow, alikuwa akichunguza jinsi maziwa yanavyotengenezwa. Akapata habari kwamba wafugaji wa nchi fulani huwatoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yasikatike. Akawaza: ikiwa ovari, zilizo mbali hivyo, zinaliamuru titi, huenda zina mkono pia katika saratani ya titi. Mwaka 1895 alimtoa ovari mwanamke ambaye saratani yake ilikuwa imeshinda kisu, na uvimbe ukanywea. Alichapisha habari hiyo mwaka 1896.

Huenda umefika hapa kwa sababu mama yako, dada yako au wewe mwenyewe umepewa tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, au kwa sababu unasomea famasia na sura ya dawa hii imekuchanganya. Karibu. Tutakwenda polepole, tukianzia chini kabisa.

Neno la kwanza ni homoni. Homoni ni ujumbe ambao kiungo kimoja hutuma kwa kingine kupitia damu. Estrojeni ni homoni mojawapo. Kabla hedhi haijakoma hutoka zaidi katika ovari, na kazi yake moja ni kuziambia seli za titi zikue. Neno la pili ni kipokezi, yaani mahali ndani ya seli ambapo homoni hukaa ili ujumbe usikike. Estrojeni inaweza kujaa mwilini, lakini seli isiyo na kipokezi haisikii neno.

Sasa njoo nami hadi steji ya 87 jioni. Umewahi kuona matatu iliyoonekana karibu kujaa, kumbe baadhi ya walioketi ni vijana waliowekwa tu kukalia viti? Hawalipi nauli, hawaendi popote. Ila wakikataa kuinuka, abiria wa kweli hana pa kukaa na gari haliondoki. Tamoksifeni ni kijana huyo. Hukaa kwenye kipokezi cha seli ya titi, estrojeni ikifika inakuta kiti kimekaliwa, na seli ya saratani haipati amri ya kukua. Naomba uushike mfano huu, maana karibu kila swali kuhusu kipimo na usalama wa dawa hii hujibiwa nao.

Dawa yenyewe ilitengenezwa mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson katika kampuni ya ICI, Uingereza, wakati kampuni ikitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa wanawake ikafanya kinyume, ikachochea mayai kutoka. Matokeo ya kwanza kuhusu saratani ya matiti yalichapishwa mwaka 1971 kutoka hospitali ya Christie, Manchester, na mwaka 1973 Uingereza ikairuhusu itumike. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Je, kila mwenye saratani ya titi anaihitaji? Hapana. Seli isiyo na viti haina cha kukaliwa. Ndiyo maana kipande cha uvimbe kikishakatwa, mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma seli kwa hadubini, hukipaka kemikali maalumu ili aone kama vipokezi vya estrojeni vipo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba wanawake wengi wa Afrika hawana vipokezi hivyo, na wengine hawakupimwa kabisa. Mwaka 2014 Shahin Sayed na wenzake wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, hapa Nairobi, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Kenya: takribani saba kati ya kumi walikuwa navyo. Nauthamini sana uchunguzi huo. Uliza matokeo ya kipimo hiki, na uyahifadhi kama unavyohifadhi hatimiliki ya shamba.

Tuje kwenye kipimo cha dawa. Baada ya upasuaji kiwango cha kawaida ni miligramu 20 kwa siku, kwa kinywa, pamoja na chakula au bila chakula. Ukiambiwa pia utapata tiba ya kemikali, kwa kawaida tamoksifeni husubiri hadi hiyo iishe. Watu huniuliza kama miligramu 40 zingeponya haraka zaidi. Rudi kwenye matatu: viti vikishakaliwa vyote, kuongeza vijana mlangoni hakubadilishi kitu. Majaribio hayajaonyesha kwamba kuzidisha 20 kunasaidia zaidi.

Kupunguza ni hatari nyingine, na huja kimya. Mama mmoja wa mtaa huu aliniletea dawa zake katika bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu "1x1". Miezi minne nyuma duka moja lilikosa vidonge vya 20, likampa vya 10, na bahasha ikabaki na maandishi yale yale. Alimeza kimoja kila siku kwa uaminifu mkubwa, nusu ya dawa yake. Tuliigeuza ile karatasi inayong'aa iliyofunga vidonge chini ya taa na kusoma pamoja. Ukifanya hivyo nawe, usitishwe na namba 30.4 au 15.2. Tamoksifeni hutengenezwa ikiwa imefungamana na chumvi iitwayo sitrati, miligramu 30.4 za chumvi hiyo hubeba 20 za dawa yenyewe, na 15.2 hubeba 10.

Ukisahau kidonge, kimeze utakapokumbuka siku hiyo hiyo. Ikiwa siku imeshapita, endelea na cha leo, usimeze viwili. Tamoksifeni hutoka mwilini polepole, nusu yake huchukua siku tano hadi saba, kwa hiyo siku moja haivunji kazi. Kinachovunja ni wiki na miezi. Muda wa msingi ni miaka 5, yaani vidonge zaidi ya 1,800, na kwa wagonjwa wengi huo umepunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Utafiti wa ATLAS, uliohusisha wanawake 12,894 wa nchi nyingi, ulionyesha kwamba kufikisha miaka 10 hupunguza zaidi kurudi kwa ugonjwa na vifo. Kama uendelee baada ya mitano ni mazungumzo kati yako na daktari wako wa saratani.

Hapa somo linakuwa gumu kidogo, lakini umeshapata msingi. Tamoksifeni ikifika kwenye ini hubadilishwa kuwa endoksifeni, yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazobadilisha kemikali mwilini, na kimoja muhimu huitwa CYP2D6. Paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, hukizuia. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya jambo jingine: hulihimiza ini kuivunja tamoksifeni upesi mno. Utafiti wa mwaka 1998 ulikuta kiasi chake katika damu kimeshuka kwa asilimia 86. Kwa kuwa kifua kikuu kingalipo mitaani mwetu, jambo hili lanigusa: usiache dawa za TB, lakini kliniki zote mbili zijue unameza nini. Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, nayo huongezewa nguvu na tamoksifeni hadi mtu anaweza kuvuja damu. Mwambie mhudumu pia kuhusu miti shamba unayokunywa. Hakuna aibu katika hilo.

Na sasa sura ya pili ya kijana wa matatu. Kwenye titi hukaa tu, lakini katika mji wa mimba hulipa nauli kama estrojeni halisi, na gari likaondoka. Ndiyo maana dawa hii huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba, hasa kwa waliokwisha kukoma hedhi. Damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma ipelekwe kwa daktari wiki hiyo hiyo. Pia huongeza hatari ya bonge la damu kwenye mishipa: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla, nenda hospitali mara moja, hata usiku. Mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote, na katika safari ndefu ya basi shuka utembee kila linaposimama. Joto la ghafla na jasho la usiku ni la kawaida. Husumbua sana, na yapo matibabu. Usiiache dawa kimyakimya kwa sababu hiyo.

Hedhi ikikatika ukiwa kijana usidhani huwezi kushika mimba. Kumbuka mayai yaliyochochewa. Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo tumia kondomu au koili ya shaba, wala si sindano, vijiti au vidonge vya homoni. Kukatika huko si ukomo wa hedhi pia, na ndiyo sababu anastrozoli na letrozoli, zinazozuia estrojeni isitengenezwe na ambazo huwafaa waliokoma hedhi, haziwezi kutolewa badala ya tamoksifeni dukani kwa mazoea.

Kabla ya kidonge cha leo, geuza karatasi yake, soma namba na tarehe ya kuisha, uzilinganishe na cheti cha dawa. Zikitofautiana, mpigie simu mfamasia wako leo leo.